Julai ya Njombe na Jinzi Isiyokauka

Njombe mwezi wa saba nguo haikauki, inapoa tu. Unaianika asubuhi imelowa, unaianua jioni imelowa vilevile na baridi juu yake. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukungu unashuka alfajiri na kukalia mabati hadi saa nne, na usiku joto linaanguka chini ya nyuzi 10. Huko Makete ndiyo usiseme, umande unaganda kabisa, na shati lililosahauliwa kambani linaamka limekakamaa. Sisi tuliozaliwa Tanga, ambako kanga inafuliwa, inakauka na kuvaliwa kabla ya adhuhuri, hakuna aliyetuandaa kwa maisha haya.

Basi kamba inahamia ndani. Kwetu inaanzia kwenye nondo ya dirisha la sebuleni, inapita juu ya kochi, inaishia kwenye msumari uliokuwa wa kalenda. Mwenye watoto wa shule anaijua Jumapili jioni ya namna hii: masweta, soksi zilizopoteza wenzake, sketi ya marinda iliyokauka kwa nje huku ndani ya marinda maji bado yamejificha, na mtoto anayekumbuka saa tatu usiku kwamba kesho kuna michezo na fulana yake iko kwenye ndoo.

Ni msimu huohuo baba mkwe alipoamua kututembelea bila taarifa. Aliingia na salamu yake ya taratibu, "Kamwene", akavua kofia, akakaribishwa kochini, akaletewa chai. Juu ya kichwa chake hasa ilining'inia kufuli yangu ya bluu, ile yenye lastiki iliyochoka. Mke wangu alinitazama. Mimi nikatazama kalenda, ambayo haikuwepo. Mila zote nilizofundishwa, za kwetu na za ukweni, hazisemi kufuli inaanuliwaje juu ya kichwa cha mkwe. Tukazungumzia bei ya viazi. Tone la kwanza liliangukia kwenye sahani. La pili likaingia kikombeni. Mzee alitazama juu kidogo, akasogeza kikombe upande wa kushoto, akaendelea na viazi. Chai aliimaliza. Mpaka leo hajalisema neno hilo, na ukimya wake ndio unaoninyima usingizi.

Kila nyumba ina dawa yake. Wapo wanaoanika jikoni juu ya moto wa kuni. Nguo zinakauka, siwezi kukataa, lakini unafika ofisini ukinukia kama samaki wa kubanikwa. Shemeji yangu, kijana aliyekuja kusoma, yeye aliwasha jiko la gesi, akazungushia viti vyenye soksi, akafunga madirisha yote. Asubuhi vioo vilikuwa vinatiririka na soksi ziko palepale. Wala haukuwa uchawi: kilo moja ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, yote yakiwa mvuke. Kijana alikuwa anakausha nguo kwa kuziletea masika.

Wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, na hapo naweka utani pembeni. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, na kuna watu waliolala nayo wasiamke. Soksi mbichi haijamuua mtu.

Ugonjwa wetu sote ni kuogopa baridi kuliko tunavyoogopa maji. Jinzi nzito ukiikamua kwa mkono inaweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake yenyewe. Maji hayo hayapotei, yanahama. Sasa chukua sebule ya mita nne kwa nne yenye joto la nyuzi 15: hewa yake yote ikishiba mvuke inabeba kama nusu lita tu. Yaani jinzi moja inatosha kuijaza sebule hiyo, na bado hujaanika mashuka. Kinachozidi kinatafuta mahali penye baridi pa kutua, kwenye kioo, kwenye pembe ya dari, nyuma ya kabati lililoegemezwa ukutani, na siku chache baadaye kuvu nyeusi inajitokeza. Mwenye nyumba wetu alipokuja kuchukua kodi aliikagua dari ya sebule kwa makini, akauliza ni nani kati yetu anafundisha jiografia. Wenye pumu hawacheki na kuvu hiyo, na wana haki.

Kumbe mkombozi tulikuwa naye chini ya kitanda. Nilipohamia huku nilikuja na feni. Kwenye basi, abiria mmoja aliniuliza kwa upole kama najua ninakoenda. Majirani walileta watoto wao waione. Nilitaka kuiuza, asitokee mnunuzi hata wa vipuri. Halafu mke wangu akaitoa, akaielekeza kwenye kamba ya chumba cha nyuma, akafunga mlango wa ndani na kufungua dirisha.

"Mama Neema, unafungua dirisha Julai?"

"Hayo maji ulitaka yatokee wapi, Baba Neema?"

Ukungu ukishapanda, mchana wa Julai hewa ya nje ni kavu kuliko ya ndani, hivyo dirisha lililo wazi linatoa mvuke nje na feni inausukuma. Baridi inayoingia inabaki chumba kimoja. Kabla ya hapo tunaviringisha kila nguo ndani ya taulo kavu na kuikanyaga, kazi ambayo watoto hawaombwi mara mbili. Mashati yanaenda kwenye henga, nguo haigusi nguo wala ukuta, na kabati limesogezwa mbele kiasi cha mkono kupita. Sweta za shule sasa zinakauka kwa siku moja, zikibaki na ubichi kidogo pasi inamalizia.

Jinzi bado ni mtihani. Igeuze ndani nje, toa mifuko, ifungulie feni, na kama unataka kuivaa Jumapili, ifue Alhamisi.