Shangazi wa Ujiji Ajibu: "Mume Wangu Anataka Megabiti Hamsini"

Mwezi huu barua za waifai zimezidi za wake wenza. Nimechagua nne. Zilizobaki zinahitaji mganga, si mimi.

*

Shikamoo Shangazi. Sisi ni walimu wawili, tunaishi Mwanga. Mume wangu anataka tuvutiwe intaneti ya nyumbani ya megabiti 50 kwa sababu, anasema, "TV inataka nguvu". TV yenyewe ni moja ya inchi 32, na simu tuna tatu. Nikimuuliza 50 za nini, ananijibu kwamba haya mambo ni ya wataalamu. Yeye anafundisha Jiografia. Nifanyeje?
Mke wa Mtaalamu, Mwanga

Marahaba mwanangu. Mwambie mkwe wangu akae chini, ashike kalamu.

Netflix, ambao kuonyesha filamu ndiyo kazi yao, wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD, 5 kwa HD kamili, na 15 kwa ile ya 4K. Sasa TV nyingi za inchi 32 zina mistari 768 tu ya picha, na 4K ina mistari 2160. Kuipelekea TV hiyo 4K ni kumimina debe la mawese kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi: kitajaa kile kile, mengine yatamwagika sakafuni, na umeshayalipia. Itengeeni TV 5, kila simu mbilimbili. Haifiki 12. Chukueni kifurushi cha 10, na siku simu zote zikiwaka kwa pamoja mtagombana kidogo, kama nyumba zote.

Kabla ya kulipa, tafuteni neno "hadi" kwenye tangazo. Muuza dagaa wa Kibirizi akikwambia gunia hili lina hadi kilo 50, utaomba mzani. Basi omba mzani na hapa. Nenda kwa jirani aliyekwisha kuunganishwa, saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa kwenye tamthilia, upime kasi kwa simu yake. Usiende saa nne asubuhi; saa nne asubuhi kila mtandao ni malaika. Na wakikuambia "bila kikomo", uliza kwa upole: baada ya GB ngapi mnashusha kasi? Ukiona muuzaji anakohoa, kikomo kipo.

La mwisho ni la mtaalamu mwenyewe. Siku atakapoona faili linashuka kwa megabaiti 1 na ushee ilhali analipia megabiti 10, asiwapigie watu simu kwa hasira. Biti nane ndizo baiti moja. Hajaibiwa.

*

Shangazi, mambo? Nilinunua bando la GB 3 niangalie mechi ya Mashujaa kwenye simu. Likakata kipindi cha pili, kabla hata kocha hajafanya mabadiliko. Nimerogwa?
Kijana wa Gungu

Shangazi haambiwi "mambo". Lakini nitakujibu, maana nakuonea huruma.

Picha ya megabiti 5 inakula GB 2.25 kwa saa. GB 3 zinamalizika baada ya dakika 80. Toa dakika 45 za kwanza, toa nyongeza kama mbili, toa 15 za mapumziko ambazo uliacha tangazo la sabuni likicheza: bando lako lilikufa karibu na dakika ya 63. Anayekuroga ni wewe mwenyewe. Kwenye kioo cha simu punguza picha mpaka ya kati, ambayo hula kama GB 0.7 kwa saa. Mechi nzima pamoja na mapumziko haitafika GB 2, na mpira bado utauona. Izuie pia simu isijisasishie programu zake wakati Mashujaa wanapiga kona.

*

Shikamoo Shangazi. Nimeachana na dishi, natazama mpira kwa intaneti. Kila likifungwa goli, jirani mwenye dishi anapiga kelele kabla sijaona kitu. Niongeze spidi?
Mchelewaji, Ujiji

Marahaba. Usiongeze hata shilingi. Maumivu hayo nayajua.

Aprili 2024, Mashujaa walipoitoa Simba kwa penalti kwenye Kombe la Shirikisho, hapa hapa Uwanja wa Lake Tanganyika, mimi nilikuwa nyumbani na intaneti yangu, chai mkononi. Mpigaji wangu bado anaweka mpira chini, anarudi nyuma, anajifuta jasho. Mtaa ukalipuka. Sufuria zinagongwa, mtoto wa jirani anakimbia na kanga ya mama yake kichwani. Nilibaki naitazama penalti ambayo jibu lake nimeshaletewa na mtoto. Chai ilipoa.

Sababu ni hii. Mpira wa intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, vikatumwa, na TV yako ikaweka akiba ya vipande kadhaa ndipo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba picha isigande. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji wako, na unaweza kufika nusu dakika au zaidi hata kwa mwenye megabiti 100. (Kila anayeandika kuhusu Ujiji lazima amtaje Livingstone, nilijizuia, nimeshindwa. Stanley alimkuta hapa mwaka 1871, na magazeti ya Marekani yakaichapa habari hiyo mwaka 1872. Wewe unalalamikia nusu dakika.)

Uamuzi wangu: ligi kwa dishi, tamthilia kwa intaneti. Dishi likikushinda, nenda kwa jirani huyo huyo ukiwa na karanga, au kibanda umiza, ambako wote mnachelewa pamoja.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi mvuvi wa dagaa, Katonga. Usiku wa giza niko ziwani na taa zangu, mbalamwezi ikitoka ndiyo nalala nyumbani. Nalipia bando la mwezi mzima la ruta na silifaidi. Halafu hizo siku chache nikiwepo, picha inazunguka tu. Mke wangu kaifunika ruta kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, kaiweka nyuma ya TV kabatini, inapendeza sana. Naogopa kumgusia.
Mtu wa Taa

Marahaba baba. Wewe una kalenda nzuri kuliko ya kampuni yoyote ya simu. Dagaa hawaifuati taa mwezi ukiwa mpevu, na wewe huhitaji intaneti mwezi ukiwa gizani. Acha bando la mwezi, nunua la wiki, uanze siku unayopandisha chombo mchangani. Mama na watoto wawekee kidogo cha WhatsApp. Bando la mwezi linunue serikali ikifunga ziwa, kama ilivyofanya tangu Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Hapo utakuwa nyumbani mpaka uchokwe.

Picha kuzunguka si kosa la spidi. Ruta inayotumia laini ya simu inatafuta mnara, na ninyi mmeifungia kabatini, nyuma ya TV, chini ya bati. Itoe, iweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Iache wazi ipumue, maana hupata moto. Halafu pima tena kabla hujanunua kifurushi kikubwa zaidi.

Kitambaa mwambie mama akitandike juu ya redio. Redio haina neno.