Pancha ya Kinole

Vijana sita wa timu ya baiskeli ya chuo walipanda Kinole kujifua. Kanuni za kimataifa zinataka baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8, nao walikesha wakibishana nani abadilishe skrubu ipi ili apunguze gramu. Staftahi nzito hakuna aliyeipunguza.

Mlima wa kwanza tu wa Uluguru, wote chini, ndimi nje. Akapita mzee mmoja, kandambili miguuni, akisukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi kwenye keria.

“Poleni, wajukuu. Pancha?”

“Ndiyo, babu,” wakaitikia kwa pamoja, mazoezi pekee waliyofuzu siku hiyo.

Matairi yote 12 yalikuwa na upepo. Ulioisha ni wa wenyewe.