Asanteni kwa Maharage, Kuni Je?

Barua ya wazi kwa waheshimiwa wa ofisi za Lilongwe zinazosimamia wakimbizi, misaada na mazingira

Waheshimiwa,

Kwa kuwa Desemba imekaribia na magari yenu yamekwisha kuoshwa, tunatanguliza shukrani kabisa, maana shukrani zikichelewa hazipendezi kwenye picha. Kilomita 45 hivi kutoka Lilongwe hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka si mwendo mdogo kwa mtu mwenye vikao, na bado wapo wanaojitoa kila Krismasi kuja na mchele, maharage, mafuta ya kupikia, sabuni na hotuba. Mchele hupokewa kwa mikono miwili. Hotuba nayo hupokewa, hasa pale inapotukumbusha kwamba kila mtu ana wajibu wa kila siku kwa tabianchi, kwamba miti isikatwe ovyo na makaa ni adui wa taifa. Tatizo ni kuyatii yote kwa siku moja. Maharage makavu hukaa motoni saa mbili, pengine tatu, na gunia huja bila moto. Anayetoa chakula bila kufikiria kitapikwa kwa moto gani ametoa nusu ya zawadi. Nusu ya pili hulipwa na vichaka vya Dowa, wilaya yenye kambi hii, halafu anayekwenda kuichukua huko ndiye anayekemewa. Kambi iliyofunguliwa mwaka 1994, penye jela ya wafungwa wa kisiasa ya enzi za Rais Kamuzu Banda, ilipangiwa watu kama 10,000 au 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, na wote, kwa bahati mbaya, hula chakula kilichoiva.

Msituelewe vibaya, hatubishani na sayansi. Machi 2023 Kimbunga Freddy kiliua watu zaidi ya 600 kusini mwa Malawi, na wengine zaidi ya 500 hawakuonekana tena. Mwaka mmoja baadaye ukame wa El Niño uliifanya serikali itangaze hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28. Mngeweza kusema, kwa haki, kwamba Mmalawi wa kawaida hutoa karibu moja ya kumi ya tani ya kaboni dioksaidi kwa mwaka, ilhali wastani wa dunia unapita tani nne, kwa hiyo mahubiri haya yameshushwa kituo ambacho si chake. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila haimwondolei mkimbizi wajibu: mti wa Dowa ukikatwa, udongo unaochukuliwa na mvua ni wa Dowa, na mwenyeji na mgeni watagombea kuni zilezile. Tunachosema ni kwamba wajibu wa kila siku una bei ya kila siku. Mtungi wa gesi hununuliwa, jiko banifu hununuliwa, na anayenunua sharti awe na kipato.

Hapo ndipo ukarimu wenu unapotatiza. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwezi Desemba 1987 (mwezi wa zawadi, mtakumbuka), iliweka masharti yake juu ya ajira na ikajihifadhia haki ya kuwapangia wakimbizi pa kukaa. Mwaka 2023 haki hiyo ilitumika kwa bidii: waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini, Lilongwe ikiwemo, waliamriwa kurudi Dzaleka. Mfanyabiashara aliyeweza kujinunulia gesi akafanywa mlengwa wa sabuni. Kwa lugha ya ripoti, idadi ya waliofikiwa iliongezeka.

Mtajibu kwamba Wamalawi wenyewe ni maskini, na mgeni hawezi kupewa nafasi ambayo mwenyeji ameikosa. Hoja hiyo ni nzito, na hatuifanyii mzaha. Lakini mwenye duka anayelipa kodi ya pango na kununua mahindi kwa mkulima hajamnyang'anya mtu kitu, wakati aliyefungiwa kambini bila kazi hana pa kugeukia ila kichaka cha jirani yake. Mtajibu pia kwamba wakimbizi ndio wanaomaliza misitu. Basi twendeni Dzalanyama, msitu wa hifadhi unaoulisha mto Lilongwe na hivyo mabomba ya jiji lenu, ambako hata wanajeshi wamewahi kupelekwa kuulinda. Makaa yake huivisha nsima za mitaa ya Lilongwe, pamoja na mitaa yenye nyaya za umeme, kwa kuwa umeme nao una ratiba zake. Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira na nchi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake. Hatujasikia mkazi wa jiji akiletewa hotuba pamoja na mchele.

Jibu la mwisho, tunalijua, ni kwamba wafadhili wamechoka na fedha zimepungua. Ndiyo sababu tunaomba kitu kisichohitaji mfadhili. Kifungu cha 42 cha Mkataba wa Wakimbizi kinairuhusu nchi kuyaondoa masharti yake wakati wowote, kwa kumwandikia tu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Barua hiyo haihitaji lori, jukwaa wala kipaza sauti. Stempu ya New York tutaichangia.

Wenu,
Walengwa