Mgeni Asiyepewa Jembe

Wahenga walituusia: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. New York haikusikia. Mwandishi Quentin Crisp alihamia huko mwaka 1981, ana miaka 72, na hadi anafariki 1999 hakushikishwa hata mpini. Kazi yake ilikuwa kualikwa. Namba yake aliiacha kwenye kitabu cha simu, na yeyote aliyempigia, hata asiyemjua, aliweza kumpata mezani: kofia kichwani, skafu shingoni, poda usoni, hadithi mdomoni. Bili ya mwenyeji.

Kwao Uingereza walikuwa wamempiga makofi barabarani, kijana anayependa wanaume na kujipodoa mchana kweupe. Mwaka 1975 mwigizaji John Hurt alipomwigiza kwenye televisheni, wakampigia makofi ya aina nyingine. (Yale ya kwanza hayakuombewa radhi.)

Huko New York chumba chake kilikuwa kimoja, na hakukifagia. Alidai vumbi likishatimiza miaka minne halizidi tena. Wanaharakati wa haki za mashoga walimnunia, hasa alipoudharau UKIMWI kama jambo la kupita wakati marafiki zao wakizikwa. Hapo walikuwa na haki. Lakini wao hawakuwa wanunuzi wa chakula chake cha mchana.