Jinsi ya Kunasa Hitilafu Baada ya Kuzima King'ora

Kwanza, zima ukaguzi wote. Usisite. Lodwar, huku Turkana, kuna joto, chaji ya simu haikai, na kila mara programu inapojiuliza kama namba imezidi au orodha imeisha, inakula muda. Kwenye C, washa NDEBUG na kila assert itatoweka. Kwenye Python, -O itafanya vivyo hivyo. C++ ina -fno-exceptions, inayomwacha mpiga kelele bila mdomo. Mteja wako wa Kakuma, kilomita kama 120 kaskazini-magharibi, ataona programu imekuwa nyepesi. Atakushukuru.

Sasa, hitilafu utazijuaje? Subiri dalili.

Dalili iliyo rahisi kuliko zote ni mbuzi hasi. Tuseme programu yako inahesabu mifugo waliochanjwa, na hesabu umeiweka kwenye namba ya biti 16 inayokubali hasi. Mwisho wake ni 32,767. Akiongezeka mbuzi mmoja hapo, kwa kawaida unapata -32,768, na hakuna kitakacholia. Siku afisa wa mifugo atakapokupigia akiuliza hilo deni la mbuzi analipwa nani, hongera: umenasa hitilafu yako ya kwanza.

Sifuri ni mjanja zaidi. Gawanya lita za maji kwa idadi ya watu wa kaya, kisha usajili ulete kaya isiyo na mtu. Kwenye kompyuta ya ofisini yenye chipu ya Intel, programu itaanguka papo hapo, jambo la aibu lakini la kweli. Simu nyingi hutumia chipu za ARM, na zile za biti 64 zikigawanya namba kamili kwa sifuri hurudisha sifuri bila hata kukohoa. Mgao: lita 0. Mama aliye kwenye foleni ya bomba na jerikeni lake la lita 20 ataiona kabla yako, naye hukumpa kitufe cha kuripoti.

Ukitumia desimali, 0 kugawanya kwa 0 huzaa NaN (yaani “si namba”), inayochafua kila jumla inayoigusa. Ina wema mmoja: hailingani na chochote, hata yenyewe. Uliza kama x ni sawa na x, ikikana, umeikamata. (Ndiyo, huo ni ukaguzi. Usimwambie bosi.) Ila kama uliwasha pia -ffast-math, kompaila ina ruhusa ya kuamini kwamba NaN haipo duniani, na swali lako litafutwa.

Mwenye duka wa Kakuma hakusomea haya. Lakini tangu Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipoanza kuwatumia wakimbizi wa huko pesa za chakula kwa simu mwaka 2015 kupitia Bamba Chakula, nenda ukamwombe akupimie unga kabla hajaona ujumbe wa malipo, uone. Wewe uliyeita malloc bila kutazama kama imerudisha NULL, duka lako lingefungwa kufikia Ijumaa.

Wakikucheka kwamba huu ni ushamba wa Turkana, wakumbushe roketi ya Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996. Wahandisi walikuwa na namba 7 za hatari. Wakalinda 4, na 3 wakaziacha wazi ili kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake. Moja kati ya hizo 3 ikakataa kuingia kwenye biti 16, kompyuta ya akiba ikazimika, na ile kuu ikaifuata kwa kosa lilelile. Hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kupaa. Sekunde kama 40 tangu safari ianze, roketi ililipuka na hitilafu ikaonekana kwa macho, bila darubini.

Ukiona haya yote ni kazi nyingi, kuna njia ya mkato. Acha ukaguzi ukiwa umewashwa, chukua simu ya bei nafuu iliyoshinda juani Lodwar, pima ukaguzi huo unakula muda kiasi gani hasa, ndipo uamue. Ila ukifanya hivyo, mwongozo huu hukuuhitaji.