Kabati la Mama Mkwe

Kabati la mama mkwe lilifika Bunju kwa kirikuu kutoka Temeke. La mninga, vipande viwili: cha chini kina milango ya mbao, cha juu vioo. Mlangoni likagoma. Geti la nondo lilikuwa limekula nafasi, na wabebaji walipojaribu kuliinamisha, kioo kimoja kikapasuka. Mama akanyamaza. Mke wangu akanitazama mimi.

Tukaliacha barazani huku mawingu ya masika yakijikusanya upande wa bahari. Hapo binti yetu akatoka na daftari la imla. Neno la Kiingereza la kabati ameliandika "cubbord", na mwalimu kalipiga kosa kwa wino mwekundu. Machozi yalimlengalenga.

Nilimtetea, na namtetea hadi leo. Waingereza wenyewe waliwahi kuliandika hivyohivyo karne za nyuma, kwa kuwa p ilikwisha kutoweka vinywani mwao. Mwaka 1805 Sarah Catherine Martin alichapisha London mashairi ya watoto kuhusu bibi mmoja aitwaye Hubbard, na jina hilo lina kina kimoja na neno hilo la Kiingereza. Tahajia ya leo, "cupboard", imebeba maana ya kale: ubao wa kuwekea vikombe. Ubao tu, bila milango. Matajiri walipanga juu yake vyombo vya fedha ili wageni wavione. Milango ilikuja baadaye, ubao ukawa sanduku la kusimama, jina likabaki. Waswahili tulilipokea kwa sikio tukaliandika tulivyolisikia, na mtoto wangu alifanya vivyo hivyo.

"Mbona Lamu yapo hayo," mama mkwe akadakia. "Nyumba za mawe zina zidaka ukutani, sahani za Kichina zimepangwa wazi. Nani alitia mlango?" Akamgeukia fundi tuliyekuwa tumemwita. "Baba, ng'oa hivyo vioo."

Fundi akachukua bisibisi. Milango ikatoka, vipande vikatenganishwa, na cha juu kikapita ubavu hadi sebuleni. Mama hakungoja kifutwe vumbi. Alianza kupanga vikombe vyake vya maua, vile ambavyo hata sikukuu havinywewi chai.

Kipande cha chini kikabaki kumsubiri mchomeleaji aje kuling'oa geti. Mvua ilimtangulia. Tulikifunika kwa turubai, binti akarudia imla yake na p mahali pake, na mama mkwe akauliza kioo kilichopasuka kinalipwa na nani.