Mabaki Yanayouzwa Kabla Hayajabaki

Ndugu wa Kikula, Panda na Shituru, mitaa ya Likasi huko Kongo, sikieni. Mtoto wenu aliyeko Brussels hajambo. Msishangae tu akiwatumia ujumbe wa sauti akijisifu kwamba amenunua mkate uliokosa mteja mchana kutwa. Huku hiyo ni sifa. Watu wenye mishahara, wenye magari, wenye mbwa wanaopelekwa saluni, wanapanga mstari mlangoni pa duka la mikate saa ya kufunga, kila mmoja na simu mkononi, wakingoja mfuko wa vitu vilivyododa.

Biashara yenyewe inaitwa Too Good To Go. Ilianzia Copenhagen mwaka 2015, kutokana na vyakula vya migahawa ya kujipakulia vilivyokuwa vikimwagwa kila usiku, na leo imeenea Ulaya na kuvuka hadi Amerika ya Kaskazini. Mteja analipa kwa simu takriban theluthi ya bei ya kawaida, kisha anapangiwa saa ya kuchukua mfuko. Kuchagua hachagui. Anapewa kilichojaliwa kuwamo: labda mikate miwili mirefu, kruasani sita, keki ya krimu iliyolala ubavu, na sandwichi ya samaki ambayo lazima iliwe usiku uleule. Mtoto wenu anaishi peke yake.

Mama zake wa Likasi wanauliza swali moja tu: analipaje kabla ya kuona?

Swali hilo lina uzito. Sokoni, jua likianza kuinama, fungu la nyanya hushuka bei kwa sababu umeme hautabiriki na nyanya hazina subira. Lakini mnunuzi wa jioni si mtu wa kufungiwa mfuko. Anabonyeza, ananusa, anapindua fungu kuona zilizofichwa chini, anaguna, anapiga hatua mbili kama anaondoka, anaitwa, anarudi, kisha anadai matabishi, yaani nyongeza. Muuzaji anamwongezea mbili, moja imepasuka, na wote wawili wanajua itaingia kwenye sufuria usiku huo. Hakuna anayejisikia ameokoa dunia. Wala hakuna anayepiga picha.

Huku imebidi watu wafundishwe upya. Kwenye maboksi ya maziwa na mtindi ya nchi kadhaa za Ulaya kuna alama ya kampuni hiyohiyo inayomwelekeza mteja atazame, anuse, aonje kabla ya kumwaga. Naam, kampuni nzima, na wataalamu wake, imekaa kikao kuwakumbusha watu kwamba wana pua. Sababu ni tarehe. Ubelgiji inatumia za aina mbili: moja inahusu vyakula vinavyoharibika upesi, kama nyama ya kusaga, na hiyo haina mjadala, nyingine inasema tu kwamba mpaka siku fulani biskuti au mchele utakuwa katika ubora wake, na baada ya hapo bado unalika. Wengi wanazisoma zote mbili kama hukumu ya kifo.

Lakini ndugu wa nyumbani nao wasicheke sana. Februari 2016, shirika la misaada la kanisa nchini Denmark lilifungua Copenhagen duka liitwalo WeFood, lililouza kwa bei nafuu bidhaa zilizopita tarehe au zenye maboksi yaliyobonyea. Binti mfalme Marie mwenyewe alihudhuria ufunguzi. Fikirieni duka hilo lifunguliwe Likasi: badala ya binti mfalme lingefika lori la OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, kubeba mzigo kwenda kuuteketeza, na majirani wangepiga makofi. Si ujinga. Mtu anayehofia kwamba kilichokataliwa kwingine ndicho kinachosafirishwa kuja kwake ana haki ya kuikodolea macho tarehe ya kopo. Mdenmaki ananunua kilichochakaa kwa hiari, akijua kipya kiko rafu ya pili. Hapo ndipo fahari yake inapotoka.

Na hata yeye fahari ina mipaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliohoji watu 4,214 katika nchi tano za kaskazini mwa Ulaya, ulionyesha kwamba vyakula vyenye kasoro wanavyovikubali wakiwa nyumbani sivyo wanavyovikubali wakiwa dukani, na kwamba dukani punguzo la bei ndilo linalowalainisha. Sayari inapendwa, ila ipendwe kwa nusu bei.

Kuna jambo ambalo wanaojisifu hawalitaji. Ripoti ya UNEP ya mwaka 2024 inasema dunia ilipoteza tani bilioni 1.05 za chakula mwaka 2022. Maduka yalichangia asilimia 12 tu. Majumbani ndiko kulikotoka asilimia 60. Sasa zirudieni zile kruasani sita. Jumatatu zimeokolewa dukani kwa shangwe. Jumatano mtoto wenu anazitazama, ananusa, anaonja, na ndoo ya taka iko palepale, ila safari hii ni yake.

Kichekesho kikubwa ni foleni ya kwenye simu. Mifuko ya maduka yanayopendwa huisha mapema, hata asubuhi, mikate ikiwa bado ya moto. Yaani saa nne watu wamekwisha kununua kitakachokosa mnunuzi saa moja jioni. Baba, aliyekulia enzi Likasi ikiitwa Jadotville, kwa posho ya kampuni ya madini ya Union Minière, unga ukipimwa kwa kila familia, amesikiliza ujumbe wa sauti wa mwanawe mara mbili na kujibu kwa kifupi: kama mwokaji anajua tangu asubuhi kwamba itabaki, si aoke michache?

Hajajibiwa. Mtoto wenu alikuwa ameshakwenda Matonge, mtaa wa Ixelles, humuhumu Brussels, uliorithi jina lake kutoka Kinshasa, kutafuta cha kula na mikate yote ile. Huko sombe ya majani ya muhogo iko kwenye friza na samaki wa makayabo wamekaushwa kwa chumvi, vitu visivyojua saa ya kufunga. Akauliza kama jioni bei inashuka. Mama wa dukani akamtazama kuanzia viatu.

"Mtoto wa wapi wewe?"

"Likasi, mama."

"Basi unajua kuomba. Lipa kwanza, matabishi tutaongea."